Je, mbwa wa sleji hukimbia kwa kupenda au kwa kulazimishwa?

Mtu anapoona picha ya mbwa kumi na wanne waliofungwa jozi jozi mbele ya sleji, yaani kile chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, na mtu mmoja amesimama nyuma yao, huwa rahisi kwake kuamini kwamba mahali fulani nje ya picha kuna mjeledi. Dhana hiyo haikuzuka bure, kwa kuwa wanyama wengi ambao binadamu huwatumia kukokota mzigo wamechapwa mbele ya macho yetu. Kwa mbwa wa sleji, hata hivyo, dhana hiyo ina kasoro kubwa, na kasoro yenyewe haitokani na upole wa waendeshaji, bali na namna kamba zinavyofungwa.

Kazi hii ni ya kale mno. Katika kisiwa cha Zhokhov, kaskazini mwa Siberia, yamefukuliwa mabaki ya mbwa na vipande vya sleji vya miaka ipatayo 9,500 iliyopita, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mbwa wa kisiwani humo walikuwa na nasaba ya karibu na mbwa wa sleji wa leo. Siku hizi pikipiki za theluji zimechukua sehemu kubwa ya usafiri huo, na mbwa wanaojulikana zaidi duniani ni wale wa mashindano, hasa ya Iditarod huko Alaska, yaliyoanza mwaka 1973 na ambayo huenda takriban kilomita 1,600 hadi mji wa Nome.

Ili kuelewa kwa nini mjeledi hausaidii sana, tumfikirie kwanza punda wa mkokoteni. Punda amebanwa kati ya miti miwili, hatamu ziko mikononi mwa mwenye mkokoteni, na mgongo wake uko mahali ambapo fimbo hufika bila shida. Akilegea, mkokoteni unapungua mwendo papo hapo, mkosaji anajulikana kwa kuwa yuko peke yake, na adhabu inamfikia kabla hajasahau alichokosea. Kulazimisha kunawezekana pale tu mambo hayo matatu yanapokutana: kumbana mnyama, kumtambua mkosaji na kumfikia.

Kwenye sleji hakuna hata moja kati ya hayo lililokamilika. Kamba kuu moja hutoka kwenye sleji kwenda mbele, na kila mbwa huunganishwa nayo kwa kamba fupi inayotoka mgongoni, mwisho wa mikanda iliyomzunguka kifua na mabega. Mbwa wawili wa mbele kabisa wanaweza kuwa mita 15 au zaidi kutoka kwa mwendeshaji, na hakuna hatamu inayowafikia, kwa hiyo huelekezwa kwa sauti tu. Mbwa asiyetaka kuvuta hahitaji kugoma waziwazi. Anaweza kukimbia sambamba na wenzake huku kamba yake ya mgongoni imelegea, asichangie nguvu yoyote. Akitishwa kutoka nyuma, jambo analoelekea kufanya ni kugeuka, kukwepa pembeni au kulala chini, na lolote kati ya hayo huwatatiza wenzake wote, kwa kuwa kamba ni moja. Mwendeshaji anahitaji mbwa kumi na wanne ambao kila mmoja atakaza kamba yake mwenyewe kwa saa nyingi bila kukumbushwa, na hofu haizalishi kitu cha namna hiyo. Ndiyo maana waendeshaji wenye uzoefu huzitazama kamba hizo fupi muda wote wa safari, kwani kamba iliyolegea huwaarifu kwamba mbwa fulani amechoka, ameumia au hana hamu.

Ushahidi mwingine umo katika vifaa vyenyewe. Vyombo ambavyo mwendeshaji hawezi kusafiri bila kuwa navyo ni breki na nanga ya chuma inayochomekwa kwenye theluji, na vyote viwili ni vya kusimamisha. Kabla ya kuondoka, sleji hufungwa kwenye mti au gari, huku mbwa wakibweka na kurukaruka kwa vishindo. Kanuni ya kwanza anayofundishwa mwanagenzi ni kutoachia mpini hata akianguka, kwa sababu mbwa wakishaondoka wanaweza kwenda mbali sana bila yeye. Ni jambo la ajabu kidogo kwa mnyama anayedhaniwa kukimbia kwa kumwogopa mtu yule yule aliyebaki nyuma amelala kwenye theluji.

Hapa inafaa kuwa waangalifu, kwa maana mjeledi si hadithi ya kubuni. Huko Greenland, ambako kila mbwa hufungwa kwa kamba yake na wote hutawanyika mbele kama upepeo wa kujipepea uliofunguliwa, mjeledi mrefu umetumika tangu zamani, zaidi kwa kuupigia pembeni mwa mbwa ili kuwaelekeza, ingawa pia kwa kuadhibu. Historia ya uvumbuzi wa ncha za dunia ni mbaya zaidi. Roald Amundsen, aliyefika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911, aliondoka kambini na mbwa 52 na kurudi na 11, kwa sababu mpango wake tangu mwanzo ulikuwa kuwachinja wengine njiani wawe chakula cha watu na cha mbwa waliobaki. Utayari wa kuvuta haukuwaokoa.

Mbwa wanaweza pia kukataa, na wanapokataa hakuna la kufanya. Katika Iditarod ya mwaka 2019, mwendeshaji aliyekuwa akiongoza kwa saa kadhaa alimkemea mbwa mmoja aliyekuwa akimsumbua mwenzake. Kundi zima likasimama pale pale kwenye ukanda wa pwani ya Bahari ya Bering, likakataa kuendelea, na ushindi uliokuwa karibu kuwa wake ukaishia hapo; akajiondoa mashindanoni. Kosa halikuwa kipigo, lilikuwa sauti ya ukali. Tukio moja halithibitishi kanuni, lakini linaonyesha vizuri nani mwenye kauli ya mwisho sleji inapokuwa njiani.

Hamu hiyo inatoka wapi? Sehemu kubwa imetengenezwa na binadamu kwa kuchagua wazazi: kwa vizazi vingi mbwa waliokaza kamba ndio waliozalishwa, na waliolegea hawakuzalishwa. Mbwa wa mbio za Alaska si wa uzao safi bali ni mchanganyiko, na uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2010 ulihusisha damu ya malamute na husky wa Siberia, ambao ni mbwa wa theluji, na ustahimilivu, na damu ya pointer na saluki, ambao ni mbwa wa kuwinda, na kasi. Ari ya kazi ilihusishwa na mbwa wa Anatolia wa kulinda kondoo, ambaye ni mgeni asiyetarajiwa kabisa kwenye theluji ya Alaska.

Upande wa kemia ya mwili, watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walichapisha mwaka 2012 matokeo ya kupima binadamu, mbwa na feriti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Baada ya kukimbia kwa kasi, kiwango cha anandamidi, kemikali ya mwili inayohusishwa na hali ya kujisikia vizuri, kilipanda kwa binadamu na mbwa, lakini si kwa feriti, ambaye kwa asili si mkimbiaji wa masafa. Matokeo hayo yanavutia, ila yasibebeshwe mzigo usio wao: wanyama waliopimwa walikuwa wachache, na kilichopimwa ni damu. Kupanda kwa kemikali kwenye damu si sawa na mbwa kueleza kwamba amefurahi.

Tahadhari hiyo inahusu pia zile kelele za mwanzo wa safari, ambazo watetezi wa mchezo huu hupenda kuzionyesha. Msisimko na furaha si kitu kimoja, na mbwa aliyefungwa siku nzima atasisimka kwa jambo lolote litakalomfungulia. Kipimo kizuri zaidi ni cha baadaye, kilomita mia nane mbele: je, mbwa anakula, anainuka mwenyewe baada ya kupumzika, na anakaza tena kamba? Madaktari wa wanyama vituoni huutazama ulaji kwa makini, kwa kuwa katika mbio ndefu mbwa mmoja anaweza kuhitaji kalori 10,000 hivi kwa siku.

Na hapa ndipo hamu yenyewe inapogeuka kuwa hatari. Mnyama anayependa kukimbia hajui kujizuia kwa wakati. Watafiti waliochunguza matumbo ya mbwa baada ya Iditarod walikuta karibu nusu yao wakiwa na michubuko au vidonda, bila ishara za nje za kutosha kumwonya mwendeshaji. Kanuni za mashindano hulazimisha mapumziko, moja la saa 24 na mawili ya saa 8, jambo ambalo lisingehitajika kama mbwa wenyewe wangeamua vizuri mahali pa kusimama, au kama kila mwendeshaji angewaamulia hivyo. Mwaka 2024, mbwa watatu walikufa katika mbio hizo.

Kwa hiyo anayetafuta kulazimishwa hana budi kutazama nje ya mbio: nani anaamua mbwa wazaliwe wangapi, walale wapi na waishie wapi. Mwaka 2010, karibu na Whistler nchini Kanada, mbwa wengi wa kampuni ya utalii wa sleji waliuawa baada ya Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, na wachunguzi walifukua mizoga zaidi ya 50. Mkoa wa British Columbia baadaye uliweka masharti maalumu ya utunzaji wa mbwa wa sleji.

Suala la minyororo bado linabishaniwa vikali, kwani mbwa wengi wa sleji huishi wamefungwa kila mmoja kando ya kibanda chake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulilinganisha mbwa 30 wa Alaska walipokuwa kwenye mnyororo na walipokuwa ndani ya uzio mdogo, na haukukuta tofauti kubwa ya tabia. Wafugaji huutaja kama utetezi wa mnyororo, ingawa matokeo hayo hayo yanaweza kusomwa kama shutuma dhidi ya uzio.