Kuchelewesha kwa sekunde 2 hakutibu skrini tupu
Wengi wanaotengeneza programu za simu hudhani mstari wa msimbo unaofuata ombi la mtandao husubiri jibu. Wapi! Ombi likishatumwa, programu inaendelea na safari yake na kuchora orodha ikiwa bado tupu. Data ikifika, hakuna aliyeiambia skrini ijichore upya. Ndipo mtu anaongeza sekunde 2 za kusubiri, na kwenye simu yake inakubali. Mtandao ukizubaa, utupu unarudi. Kuuzuia uzi mkuu, yaani njia ya programu inayochora skrini na kupokea miguso, ni kubaya zaidi: Android isipopata mwitikio wa mguso kwa sekunde 5, hutangaza programu imekwama.

Weka hali tatu: inapakia, imepata, imeshindwa. Kwenye Flutter, zana ya kutengenezea programu, jibu likija badilisha hali ndani ya `setState`, inayoiambia skrini ijichore upya, lakini kwanza kagua `mounted`, inayoonyesha kama ukurasa bado upo. Huenda mtumiaji alishafunga ukurasa zamani.