Kwa nini injini hushika ukipiga stata, kisha huzima ukiachia ufunguo?

Umeondoa kontakti za zamani (swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa koili) ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, ukafunga moduli ya kielektroniki ifanye kazi hiyo. Ukipiga stata, injini inashika. Ukiachia ufunguo, inazima papo hapo. Wengi husema moduli ni mbovu, wakanunua nyingine, na tatizo likabaki palepale. Kwa kawaida moduli ni nzima, ila inanyimwa umeme.

Magari mengi ya kontakti hayakuipa koili, inayozalisha umeme mkubwa wa cheche, volti 12 muda wote. Kati ya swichi na koili iliwekwa rezista, kipande kinachozuia sehemu ya umeme, ili kontakti zisiungue mapema. Stata inapozunguka, betri hulemewa, kwa hiyo waya wa pili huikwepa rezista na kuipelekea koili umeme wote. Ukiachia ufunguo, njia hiyo hukatika. Moduli iliyochukua umeme wake kwenye chanya ya koili hubaki na masalio: koili ya omu 1.5 ikifuatana na rezista ya omu 1.5, nusu ya volti huishia kwenye rezista. Rezista iliyokatika kabisa nayo huleta dalili hiyohiyo.

Kwenye kupima ndipo mita huwapoteza watu. Rezista haipunguzi volti kama mkondo haupiti. Washa swichi injini ikiwa imesimama, na huenda ukasoma 12 safi kwenye chanya ya koili, ukaamini kila kitu kiko sawa. Chomoa waya wa moduli kwenye hasi ya koili, gusisha hasi hiyo na bodi ya gari kwa sekunde moja au mbili, kisha soma tena chanya. Ikishuka hadi 6 au 7, rezista ipo, hata kama hukuiona. (Usishike waya mnene wa koili wakati huo, ukiachanisha, cheche hupiga kwa maelfu ya volti.)

Hapo hamishia waya wa umeme wa moduli upande wa swichi, kabla ya rezista. Usiiondoe rezista ovyo: koili ya omu 1.5 ikipewa volti 12 moja kwa moja huvuta ampea 8, ikachemka na kuua moduli. Ukitaka kuiondoa, funga koili ya omu 3.

Kama volti ziko sawa na injini bado inakatakata, kagua ethi ya distribyuta, yaani inavyogusana na chuma cha injini. Kutu kidogo chini ya distribyuta inatosha kuisumbua moduli.