"Tumepaka Lami Tu"

Wiki mbili zilizopita nilipanda basi la asubuhi kutoka Arusha kwenda Dodoma. Tulikuwa tumeshaipita Bereku tunateremka kuelekea Kolo, mzee wa siti ya nyuma yangu akaanza kumpa mjukuu wake somo. "Unaiona barabara hii? Ndiyo Cape to Cairo hii, ya kutoka Cape Town mpaka Cairo. Kajenga Mjerumani. Mwingereza akaja akaipanua. Sisi tumepaka lami tu."

Tumepaka lami tu. Kama mtu anavyopaka siagi kwenye mkate.

Kauli hiyo nimeisikia kwa kinyozi Kondoa, nimeisikia msibani Chemba, na mara moja nimeisikia kwa mtu mwenye shahada ya uhandisi, Mungu amsamehe. Kazi yangu ni udongo na maji ya barabara: nachimba mashimo, napima, naandika ripoti ambazo hakuna anayezisoma mpaka kitu kibomoke. Katika barabara hii nimelala kambini misimu minne ya mvua. Kwa hiyo leo nimeamua kuandika, na atakayeniona nina gubu aniwie radhi.

Tuanze na Mjerumani, maana ndiye anayesifiwa kwa kazi ambayo hakuifanya. Mjerumani alijenga reli. Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914, na mji wa Dodoma wenyewe ni mtoto wa reli hiyo. Kondoa Irangi alikuwa na boma. Katikati ya boma na reli palikuwa na njia, naam, lakini njia ya wapagazi na ng'ombe, ambayo Warangi, Wasandawe na Wagogo waliikanyaga kabla hajafika. Njia ya wapagazi haina haja ya kalavati, lile tundu la kupitisha maji chini ya barabara. Mpagazi akikuta korongo limejaa, anatua mzigo, anakaa kivulini, anasubiri maji yapungue.

Anayetaka kujua "barabara ya Mjerumani" ilikuwa imara kiasi gani aitazame Aprili 1916. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza, na jeshi la Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer, likipigania upande wa Mwingereza, lilitoka upande wa Arusha, likapita Lolkisale, likaingia Kondoa Irangi siku ya 19. Kisha mvua ikashuka. Magari yakanasa nyuma, farasi wakafa kwa mamia, chakula na dawa vikawa vinabebwa vichwani. Usiku wa Mei 9 kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akawashambulia palepale mjini, akashindwa, lakini na wao hawakutoka haraka. Dodoma waliiingia mwishoni mwa Julai. Adui alichangia, silipingi hilo, ila kilichowabana wiki zile za mwanzo ni maji. Kondoa hadi Dodoma ni kilomita 160 hivi. Leo dereva anayezidisha saa mbili na nusu abiria wanaanza kuguna.

Mwingereza je? Mwingereza alileta greda, na alileta jina. Jina lenyewe la kuazima: kwao kulikuwa na barabara ya kale iliyotoka London kwenda kaskazini ikiitwa Great North Road, basi huku nako wakalibandika jina hilo. Kapu zima la ndoto za Cecil Rhodes, yule beberu wa Kiingereza wa kusini mwa Afrika, aliyekufa 1902 na ambaye kikubwa alichokitaka kilikuwa reli, likamwagwa juu ya vipande vya njia vilivyokuwa vikihudumia mambo mengine kabisa. Tunduma hadi Mbeya, Mbeya hadi Iringa, Iringa hadi Dodoma, Dodoma hadi Kondoa, Babati, Arusha, Namanga. Kila kipande kilikuwa na sababu yake ya kienyeji. Ramani ndiyo iliyoviunganisha.

Sababu kubwa kuliko zote ilikuwa treni. Serikali ya kikoloni ilikuwa na reli ya kulinda, na lori linalokwenda sambamba na reli lilionekana kama mwizi wa mizigo. Barabara iliyopendwa ni ile inayokata reli, inayoleta magunia stesheni. Ndiyo maana mizigo ya Iringa ilipanda kuja Dodoma badala ya kukimbilia pwani. Tazama ramani na jicho hilo utaona kwamba hii "barabara ya bara zima" ilikuwa, katika maisha yake ya kila siku, mfereji wa kuilisha stesheni ya Dodoma upande mmoja na reli ya Moshi na Arusha upande mwingine. Mara moja tu ilifanya kazi ya jina lake sawasawa: mwaka 1940, wanajeshi wa Afrika Kusini walipopanda treni hadi Broken Hill, Kabwe ya leo huko Zambia, kisha wakaendesha misafara ya magari hadi Nairobi kwenda kupigana na Waitaliano.

Baada ya uhuru mambo yakageuka, na hapa ndipo wengi wanaporuka miaka hamsini kama vile haikuwepo. Novemba 1965 Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ikajitangazia uhuru wake wa walowezi, Zambia iliyokuwa ikitegemea njia ya huko ikahitaji mlango mwingine wa mafuta, na fedha zote za lami zikaelekea barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Upande wa pili Chalinze, Segera, Moshi na Arusha nako kukawa na lami. Kipande cha kati, Iringa hadi Babati, kikabaki changarawe na vumbi. Mwaka 1973 Dodoma ikatangazwa kuwa makao makuu, na barabara yake ya kaskazini ikaendelea kuwa vumbi kwa miaka arobaini zaidi. Mtu wa Iringa akitaka kwenda Arusha alizunguka Morogoro, Chalinze na Segera, zaidi ya kilomita 200 za ziada, kwa sababu njia fupi ilikuwa ya kubahatisha.

Sasa lami.

Kilomita 251 za Dodoma hadi Babati zilijengwa kwa vipande vinne: Dodoma–Mayamaya 43.65, Mayamaya–Mela 99.35, Mela–Bonga 88.8, Bonga–Babati 19.2. Viwili vya katikati kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na JICA, shirika la maendeleo la Japani; vya pembeni kwa fedha za ndani. Iringa hadi Dodoma ni kilomita 260, inapita juu ya bwawa la Mtera. Rais Magufuli alizizindua zote Aprili 2018. Hayo yameandikwa kwenye mabango, sitayarudia.

Kisichoandikwa kwenye mabango ni kwamba lami ni sentimita chache za juu. Ni koti la mvua. Barabara iko chini yake na pembeni yake, na sehemu kubwa ya akili iliyotumika iko mahali ambapo abiria hapatazami: ndani ya makalavati.

Ukanda huu una msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili kwa kawaida, na Dodoma hupata kama milimita 570 tu kwa mwaka. Mtu anasikia hivyo anasema, ah, nchi kame, kalavati za nini? Ndugu yangu, shida ni namna mvua inavyokuja. Inakuja kwa hasira, alasiri moja, kwenye ardhi iliyokauka kama kigae. Vilima vya Irangi vilikuwa vimechoka kwa mmomonyoko kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoathirika. Mito ni ya mchanga. Asubuhi watoto wanacheza mpira mtoni, saa kumi jioni lori limebebwa. Barabara ya zamani ilivuka mito hiyo kwa drifti, kivuko cha chini kilicholala kwenye mchanga wa mto, yaani ilikubali kushindwa: maji yakija, gari lisubiri. Yule mpagazi wa kivulini, ila sasa amepewa usukani.

Kuinua tuta na kuweka kalavati ni kukataa kusubiri. Na ukikataa, lazima useme maji ni mengi kiasi gani. Hapa ndipo usingizi unaponitoka. Vitabu vinasema, kalavati hii isanifiwe kwa mvua ya miaka 25. Watu wanaelewa kwamba mvua hiyo inakuja mara moja kila miaka 25, ikishapita leo umepona mpaka mtoto wako aoe. Hapana. Maana yake ni kwamba kila mwaka, bila kujali mwaka jana kulitokea nini, kuna uwezekano wa asilimia 4. Piga hesabu ya miaka 20: uwezekano wa kuipata walau mara moja ni asilimia 56. Zaidi ya nusu. Yaani tunajenga tukijua kwamba huenda maji yatapita juu kabla barabara haijazeeka, na tunaweka sahihi.

Na hiyo asilimia 4 yenyewe imetoka wapi? Kutoka kwenye kituo cha mvua kilichoko mbali, chenye madaftari yenye mapengo, wakati mvua inayobomoa daraja inaweza kunyesha kwenye vijiji viwili na cha tatu kisione hata wingu. Tunachukua namba hizo, tunazipitisha kwenye fomula, tunapata jibu lenye desimali mbili. Desimali mbili! Kuna korongo moja ambalo hesabu ilinipa kina cha maji fulani, nikaridhika. Kwa desturi tu nikaenda kwa bibi mmoja anayeishi karibu, nikamwamkia, nikamuuliza maji yaliwahi kufika wapi. Hakujibu kwa mdomo. Alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye mbuyu, akaweka kiganja juu ya alama iliyochubuka kwenye gome. Ilikuwa juu ya kichwa changu. Hesabu yangu ilikuwa inanifika kiunoni. Nikarudi kambini nikaanza upya, na mpaka leo sijui niliukosea mto ule kwa kiasi gani, au bibi alikumbuka mafuriko ya mwaka ambao hautarudi.

Udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa, nitaupitia haraka kwa sababu nikianza sitanyamaza. Agosti una nyufa za kuingiza mkono mpaka kiwiko. Januari ni ugali. Maabara tunauweka kwenye moldi, tunauloweka siku nne ndani ya maji, na ile sahani ya juu inanyanyuliwa na udongo wenyewe huku sindano ya geji ikitembea mbele ya macho yako. Ukijenga juu yake bila kuuondoa au kuufunika kwa kifusi cha kutosha, barabara itapumua kila mwaka mpaka ipasuke. Mjerumani hakuuondoa. Mwingereza aliupitishia greda.

Mizigo nayo: ekseli, yaani mhimili wa magurudumu ya lori, ikizidishwa uzito mara mbili, madhara yanazidi kama mara kumi na sita, siyo mbili. Kanuni hiyo ilitokana na majaribio ya Marekani, jimbo la Illinois, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwenye baridi na udongo ambao hauna undugu na wa Kondoa. Tunaitumia kwa sababu ndiyo tuliyo nayo. Kwenye tabaka zetu nyembamba huenda ni mbaya zaidi. Mizani basi tuiheshimu.

Nimalize na ule mnara wa saa wa Arusha, maana najua mtaniuliza. Waongoza watalii wanasema hapo ndipo katikati ya Cape Town na Cairo. Nilijiandaa kucheka. Kwa mstari ulionyooka, katikati ni msituni Kongo, kati ya Kindu na Kisangani, nyuzi mbili kusini mwa Ikweta. Kwa barabara sasa: urefu unaotajwa wa barabara hiyo ni kilomita 10,228, nusu yake 5,114. Nikakaa na kikokotoo, Cape Town, Johannesburg, Harare, Lusaka, Tunduma, Iringa, Dodoma, Babati, nikapata 5,100 na ushee kufika Arusha. Kicheko kikaisha. Kisha nikahesabu kutoka Arusha kwenda juu kupitia Moyale, Addis Ababa na Khartoum, nikapata mia kadhaa zaidi ya upande wa kusini, kwa hiyo katikati ikasogea kuelekea Kenya. Ukipita Botswana badala ya Harare inasogea tena. Enzi za ukoloni msafiri alipita Juba na kufuata Nile, sehemu nyingine kwa meli. Na mpango wa barabara kuu za Afrika ulipoandaliwa na Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa mwaka 1971, hii ya namba 4 iliishia Gaborone, kwani Afrika Kusini ya makaburu haikuwemo. Kama mnautaka mnara wa katikati, uwekeeni magurudumu.

Tuliporudi kwenye tambarare kabla ya Kondoa, yule mtoto aliyekuwa kimya muda wote akaweka kidole kwenye kioo. Tulikuwa tunapita juu ya kalavati la boksi, midomo mitatu mikubwa, chini mchanga mkavu na mbuzi wawili wamelala.

"Babu, mbona wamejenga daraja na hakuna maji?"

"Hela za bajeti hizo, mjukuu wangu. Zilibaki."

Nilijikaza nikashindwa. Nikageuka. "Shikamoo mzee." Dodoma ilikuwa bado kilomita 160 na zaidi, muda ulikuwepo.