Hitilafu ya utendaji wa tumbo, na dawa tunazomeza

Mtu anasumbuliwa na tumbo kwa miezi. Leo choo kigumu, kesho anaharisha, akila kidogo tu gesi inajaa. Anapimwa choo na damu, anapigwa ultrasaundi, pengine anaingizwa kamera. Majibu yanatoka safi. Hapo ndipo daktari hutaja hitilafu ya utendaji: utumbo hauna kidonda wala uvimbe, lakini mwendo wake umevurugika, na mawasiliano kati yake na ubongo yanayakuza maumivu. Maumivu hayo ni ya kweli, na inaniuma nikisikia mgonjwa ameambiwa anajifanya.

Aina inayojulikana zaidi madaktari huiandika IBS, kifupi cha Kiingereza cha irritable bowel syndrome. Vigezo vya Roma vya 2016, ambavyo madaktari huvitumia kuutambua ugonjwa huu, vinataka maumivu ya angalau siku 1 kwa wiki kwa miezi 3, yanayoendana na haja kubwa au mabadiliko ya choo, na yawe yalianza miezi 6 nyuma au zaidi.

Kabla ya kufika huko kuna swali linalorukwa mno: unameza dawa gani? Metformini ya kisukari huharisha, hasa mwanzoni au dozi ikipandishwa. Kodeini na tramadoli, dawa za maumivu makali, huupunguza mwendo wa utumbo wote. Antibiotiki huua hata bakteria wenye faida. Dawa za kiungulia nazo zimo: zenye aluminiamu hufunga choo, zenye magnesiamu hukilegeza. Omeprazoli iliyotumiwa muda mrefu ikikatwa ghafla, asidi inaweza kupanda kwa muda. Mtu hudhani ugonjwa umerudi, akarudi duka la dawa.

Dawa hiyohiyo yaweza kuwa tatizo kwa mmoja na tiba kwa mwingine. Amitriptilini, dawa ya sonona, hufunga choo, lakini kwa dozi ndogo, kuanzia miligramu 10 usiku, hutuliza mishipa ya fahamu ya utumbo, na wengi wenye IBS hupata nafuu.

Kwa hiyo beba dawa zako zote kliniki, na za mitishamba pia. Usiache mwenyewe dawa ya kisukari au ya presha. Metformini, kwa mfano, ipo inayoyeyuka polepole, ambayo tumbo huistahimili zaidi.

Choo cheusi kisikuchanganye. Vidonge vya kuongeza damu hukifanya cheusi bila madhara. Lakini kikiwa cheusi kama lami, kinanata na kunuka vikali, hasa kwa anayemeza diklofenaki ya maumivu, huenda tumbo linavuja damu: nenda hospitali siku hiyohiyo.