Detroit haikuanza kupungua mwaka 1967

Wengi husimulia kwamba Detroit, jiji la magari la Marekani, lilianza kukimbiwa baada ya ghasia za Julai 1967, wakazi Weusi walipopambana na polisi. Sensa zinasema vingine. Mwaka 1950 lilikuwa na watu wapatao milioni 1.85, kufikia 1960, takriban 180,000 walikuwa wamepungua. Viwanda vipya vilijengwa nje ya jiji, kampuni ya magari ya Packard ikasimamisha uzalishaji wake jijini mwaka 1956, na mikopo ya nyumba ikawapendelea Wazungu waliohamia vitongojini. Mitaa ya Weusi kama Black Bottom ilibomolewa, barabara kuu ikapita. Ghasia ziliharakisha tu. Kosa hili linaniuma, maana linawabebesha lawama Weusi waliobaki, nao ndio walioishikilia mitaa hadi makadirio ya 2023 yakaonyesha ongezeko la kwanza tangu miaka ya 1950.