Eti "tutarekebisha kwenye editingi"

Jamani nimechoka. Juzi tena kijana mmoja kaniambia, tena akiwa kwenye seti yake mwenyewe, "mzee usijali, tutarekebisha kwenye editingi." Miaka arobaini na ushee naongoza filamu na hilo neno bado linanifuata kama inzi. Edita hatengenezi picha, anachagua kwenye zile ulizompelekea. Hukushuti, hakuna.

Chukua macho tu. Mume na mke wanagombana mezani, unamshuti mume peke yake halafu mke peke yake. Mume akiangalia kulia kwa fremu, mke aangalie kushoto, toka kwa mume hadi kwa mke kuna mstari wa kufikirika na kamera haiuvuki, basi. Mimi kwenye filamu yangu ya pili niliuvuka, jua lilikuwa linazama na upande wa pili ukuta ulikuwa na mwanga mtamu, nikajiambia nani ataona. Kuja kuziunganisha, wote wawili wanaangalia kushoto, ugomvi umekufa kabisa, wamekuwa kama abiria wanaosubiri basi moja. Tukaagiza maabara waigeuze picha ya mume kama kwenye kioo, macho yakakaa sawa, ila mfuko wa shati ukahamia kulia na saa ikahama mkono! Tulikesha tunatafuta sekunde ambazo mfuko hauonekani, tukapata mbili.

Sauti sitaki hata kuanza. Kabla hamjatoka chumbani rekodini nusu dakika ya ukimya wake, watu wote wakiwa humohumo, ndio edita azibie mapengo ya sauti. Ukimya wa jikoni sio wa sebuleni.

Sisi tulilelewa na uchache. Futi 400 za filamu ya milimita 16 ni dakika kama 11, zikiisha zimeisha, kwa hiyo mpaka useme eksheni mlishabishana, mlishajaribu, kila mtu anajua anasimama wapi na kwa nini. Siku hizi kadi inameza masaa, watu wanashuti kila pembe eti watachagua baadaye. Mimi huko naita kuogopa kuamua, na kuamua ndio kazi yenyewe ya dairekta, maana kupiga kelele za eksheni anaweza yeyote.

Sasa niseme na lile linaloniudhi. Sini yangu inayosifiwa kuliko zote, mama kapewa habari za mwanae kwa simu, anatazama tu, halii. Kila siku naulizwa nilimwelekezaje. Sikumwelekeza kitu! Teki ilishaisha, nikasahau kusema kut ili kamera izimwe, kwa vile nilikuwa nimeinamia skripti, yeye kabaki ananitazama, kakereka, anasubiri nimwachie akapumzike. Edita akaziokota hizo sekunde nne, yaani vipicha 96 vya filamu, akazibandika baada ya simu kukatika. Lev Kuleshov kule Urusi alishalionyesha hili zamani, uso uleule usio na kitu, ukiufuatisha na sahani ya supu watu wanaona njaa, ukiufuatisha na jeneza wanaona majonzi.

Kwa hiyo yule kijana angeijua hii stori angenimaliza palepale. Na mimi hadi leo sina uhakika sini ile niiite yangu. Huwa najitetea kwamba kigoda changu nilikiweka kushoto kwa lenzi, palepale alipotakiwa kutazama, ndio maana macho yake yaliangukia upande sahihi. Edita wangu akisikia hivyo hacheki hata, ananiuliza tu kama nimekunywa chai.