Jua kali halimshibishi dagaa: tunayoyakosea kuhusu vijimea vya majini

Dikoni Mikindani, Mtwara, asubuhi moja ya kaskazi, mzee mmoja aliniambia: "Mjukuu wangu, jua la mwaka huu kali. Chakula cha samaki kitaota kwa wingi, dagaa watajaa." Hesabu yake ni ya shambani, na wengi wetu tunaiamini. Inagusa kitoweo chetu, kwa hiyo haifai kuipita hivihivi.

Chakula anachokisema ni fitoplanktoni, vijimea vidogo mno vinavyoelea kwenye maji ya juu, baharini na maziwani. Si mwani wanaoulima kina mama kwenye kamba. Huo unashikika mkononi.

Dhana: joto likizidi, vijimea hunawiri.

Kijimea kinataka mwanga, lakini kinataka na mbolea: naitrojeni na fosforasi. Mbolea hiyo hulala chini, maana kinachokufa huzama. Sasa, maji yakipata joto huwa mepesi, yakakaa juu kama mafuta kwenye mchuzi, na ya baridi yakabaki chini na mbolea yake. Zamia mwezi wa pili bahari ikiwa shwari: juu vuguvugu, ukishuka sana baridi inakudaka. Umevuka mpaka. Kusi, upepo utokao kusini, ikivuma hukoroga maji, mpaka ukalegea, mbolea ikapanda. Joto likiongezeka, upepo uleule unashindwa kukoroga hadi kule chini.

Ziwa Tanganyika, lililobanwa na milima na lenye kina cha mita 1,470, limetuonyesha hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulieleza kwamba ongezeko la joto katika karne ya 20 lilidhoofisha mchanganyiko wa maji, na uzalishaji wa vijimea ukashuka kwa takriban asilimia 20. Watafiti walikadiria kuwa mavuno ya samaki yangepungua kwa asilimia 30 hivi. Hao ndio dagaa wa Kigoma tunaowajua sote.

Dhana: ziwa la juu mlimani, kwenye baridi, liko salama.

Nasikitika kusema sivyo. Kwenye maziwa yanayoganda, barafu siku hizi huwahi kuyeyuka, msimu wa mwanga ukarefuka, na baadhi ya vijimea huongezeka. Hapo mzee wangu hakukosea kabisa. Ila aina hubadilika. Hata Lake Tahoe, Marekani, ziwa lisiloganda, liko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji yake yanapochanganyika kidogo, diatomu (aina mojawapo ya vijimea) ndogondogo hustawi kwa kuwa haziwahi kuzama kama kubwa. Hizo hutawanya mwanga, na ziwa lililosifika kwa uangavu likafifia.

Dhana: maji maangavu ndiyo yenye uhai.

Buluu iliyokolea ya bahari kuu mara nyingi ni dalili ya maji yenye vijimea haba. Ukijani kiasi ni chakula; ukizidi mno, hasa panapoingia maji taka, ni hatari.

Dhana: samaki wameadimika kwa sababu ya baruti na nyavu ndogo tu.

Baruti imetuumiza sana Mtwara na Lindi, sitaitetea. Lakini hata tukiikomesha, samaki watakaosalia watahitaji kula.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akaacha kushona wavu wake. "Basi kusi ikija dhaifu?"

"Babu, mbolea inabaki kulekule chini."

Akatazama nje ya ghuba. Maji yalikuwa yametulia kama yaliyomo mtungini.